Hakuna Mkono, Hakuna Uji

Wiki mbili baada ya kustaafu nilipita kuaga shule moja ya chekechea huku Westlands. Nilimkuta mwalimu kijana amemshika mtoto kidevu na kukiinua. "Niangalie nikikuongelesha," alimwambia. Mtoto aligeuza macho kando kama mtu aliyemulikwa na tochi. Mwalimu akanigeukia mimi, mgeni wake, akacheka kidogo kwa kuomba radhi.

"Huyu hana adabu kabisa, Mzee. Sijui nyumbani wanamfundisha nini."

Naitwa Mzee ingawa sijafika sitini. Sikumjibu, kwa sababu mbele ya watoto mwalimu hasahihishwi. Lakini nilitembea kwa miguu kutoka Westlands hadi Kilimani nikiwa nimefura, na nilipofika nyumbani nikatafuta kalamu. Wenzangu mnaobaki kazini mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu. Basi naandika, na mtanisamehe nikiandika kwa hasira.

Vyeo sitavitaja. Mwenye hamu ya vyeo aangalie ile saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuagwa, zawadi kwa mtu aliyeacha kazi ili asiangalie saa tena. Nitasema habari za mwanzo, kwa sababu karibu yote niliyoyajua baadaye niliyapata mwaka ule wa kwanza, kutoka kwa mwanamke mmoja na mtoto mmoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa inawasaka Wakikuyu. Nilikuwa kijana niliyesoma sekondari bila kuimaliza, na miguu yangu ilikuwa haitulii. Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga, nikawa karani wa stoo Nakuru, nikauza tikiti, nikaishia kuwa tarishi wa ofisi moja Government Road, kupeleka bahasha kutoka ghorofa hii hadi ile. Hakuna kazi iliyonishika mwaka mzima. Jumapili moja ilitangazwa kanisani kwamba nasari ya watoto wa watumishi, kule bonde la mto Kirichwa, inatafuta msaidizi mwenye nguvu za kuteka maji na elimu ya kusoma hadithi. Wanawake walikuwa wanaona maji ni mengi mno, na wanaume walikuwa wanaona aibu. Mimi nilienda kwa sababu sikuwa nimewahi kufika upande ule.

Rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja Shauri Moyo alicheka hadi akakaa chini. "Alfayo amekuwa yaya! Umeshajua kufunga nepi, ndugu?"

"Ni watoto wa miaka minne," nilimwambia. "Hawafungwi nepi."

"Basi subiri wakufunge wewe."

Asubuhi ya kwanza nilitoka mjini kwa miguu, nikapanda kilima, nikapita maduka machache ya Hurlingham. Baada ya hapo ni ua wa michongoma, geti, ua, geti, na mbwa nyuma ya kila geti. Askari alinisimamisha kuniuliza naenda kwa bwana gani. Nilimwambia naenda shuleni. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Umechelewa sana kuanza." Hata leo, ninapozunguka mitaa ile na kuona maghorofa yanavyochipuka, miguu inatafuta ile njia nyekundu ya vumbi iliyoteremka hadi mtoni.

Nasari yenyewe ilikuwa ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa dogo. Watoto walikuwa wa wapishi, mayaya na watunza bustani wa nyumba za Wazungu. Nyumba nyingi zilimruhusu mtumishi kulala na mtoto wake katika chumba cha nyuma, lakini mchana mtoto asionekane. Ndiyo sababu nasari ilikuwepo. Tuseme ukweli, haikujengwa ili watoto wasome. Ilijengwa ili wasionekane.

Mkuu wake alikuwa Mama Rahel. Alikuwa mwanamke mrefu, wa familia ya Kikristo ya siku nyingi upande wa Dagoretti. Kila asubuhi alikuja kwa miguu na pasi yake, kibali cha serikali cha kutembea, imefungwa kwenye pindo la leso, kwa sababu siku zile Mkikuyu asiye na pasi hakufika hata nusu ya safari. Alinipokea mlangoni na ndoo.

"Unaitwa Alfayo? Sikiliza, Alfayo. Hapa hupigi mtoto. Huiti mtoto mjinga. Na ukikasirika, unasema umekasirika, hujifichi nyuma ya fimbo. Mambo hayo yakikushinda, njia uliyojia unaijua."

"Nimeelewa, Mama."

"Mto uko kule. Maji hayajiteki."

Nilishangaa kidogo kidogo. Mtoto akilia, Mama Rahel hakusema "nyamaza". Alichuchumaa kando yake, si mbele yake, akasema jambo lile kama lilivyo: "Musa amekasirika. Musa amenyang'anywa gurudumu." Basi. Hakuongeza mahubiri. Akishaipa hasira jina, aliipa na mahali pa kwenda. Mwenye hasira alienda kwenye kinu kutwanga karanga za uji. Mwenye hofu alienda chini ya meza, palipokuwa na gunia zito la kujifunika. Mwenye huzuni alikaa karibu na sketi ya Mama Rahel bila kuulizwa kitu. Niliwaona watoto wa miaka minne wakisimama katikati ya ugomvi na kutangaza, "Mimi nimekasirika, naenda kwa kinu." Uji wenye karanga laini sana ulikuwa ushahidi kwamba asubuhi haikuwa ya amani.

Nyinyi mmefundishwa haya chuoni kwa maneno marefu. Yeye aliyafanya na kinu, gunia na sketi.

Sasa lazima niwaeleze juu ya Mwenyekiti wa kamati ya nasari, na nitajitahidi kumtendea haki. Bwana Jeremia alikuwa mzee wa kanisa na karani katika ofisi moja mjini. Ndiye aliyeomba mabati ya ukumbi ule, akayasimamia hadi yakapigiliwa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipita kwa baiskeli kukagua nasari. Alisimama mlangoni, na watoto walipita mmoja mmoja kumpa mkono na kusema, "Hujambo, Mwenyekiti." Aliyetoa mkono vizuri aliendelea mbele kupewa uji. Asiyetoa hakupewa. Kanuni ilikuwa yake, na aliipenda kwa sababu ilikuwa fupi: hakuna mkono, hakuna uji.

Mtashangaa mkono ulikuwa na uzito gani. Kwetu magharibi salamu bila mkono ni nusu ya tusi. Lakini Nairobi ya siku zile ilikuwa imeongeza jambo lake. Mzungu hakumpa Mwafrika mkono. Ungeweza kumfanyia kazi hadi ukazeeka, ukajua anakunywa chai yake na sukari kiasi gani, na usijue kiganja chake kina joto au baridi. Bwana Jeremia mwenyewe aliwahi kusema kanisani kwamba bwana wake ofisini hajawahi kumshika mkono, hata siku alipofiwa na mkewe. Kwa hiyo aliapa kwamba watoto wetu watajua kupeana mikono, wao kwa wao na kwa kila mkubwa, wasije wakawa watu wa kukunjiana ngumi mfukoni. Lilikuwa wazo jema. Ndilo linalonikasirisha zaidi.

Kezia aliletwa na baba yake kabla sijamaliza mwezi wa kwanza. Baba alikuwa Barasa, mpishi wa nyumba moja Hurlingham, na alikuja akiwa bado na kanzu nyeupe ya kazi. Mtoto alikuwa mgongoni ingawa alikuwa na miaka minne, maana hakukubali kushikwa mkono njiani. Alikuwa ameshika kikombe cha bati.

"Mama, sitaki kukudanganya," Barasa alisema. "Huyu haongei kama watoto. Maneno anayo, lakini anayaambia ukuta."

"Anasikia?"

"Nikifungua kopo la sukari jikoni, yeye akiwa nje kwa choo, anasikia."

"Mama yake yuko wapi?"

Barasa alimshusha mtoto kwanza. "Alikufa mwaka jana. Nyumbani kuna mama yangu, na mama yangu macho yamekwisha. Mto uko hapo chini ya boma. Basi alikuwa anamfunga kamba mguuni, anamfunga kwa nguzo ya nyumba, asiende kuzama. Nilienda likizo nikamkuta hivyo. Simlaumu mama yangu. Lakini ona mguu."

Tuliuona. Alama ilizunguka kifundo chote.

"Memsahib wa nyumba ninakopika amesema alale kwangu, lakini mchana asimwone," Barasa alisema. "Mkimkataa hapa, anarudi kwa kamba. Sina njia ya tatu."

Mama Rahel hakutoa pole. Aliuliza, "Anapenda nini?"

Barasa alimtazama mtoto. Mchungaji alikuwa amemuuliza kama mtoto ana pepo, mganga alikuwa amemuuliza nani ana kinyongo na ukoo, daktari alikuwa amemuuliza kama aliwahi kuanguka. Swali hili lilikuwa jipya. "Anapenda hicho kikombe," alisema mwishowe. "Akikigonga, anasikiliza."

Siku hizi mnalo jina la watoto kama Kezia. Mnasema otizimu, na baadhi yenu mnalitamka kana kwamba kulitamka ndiyo kazi yenyewe. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na mtoto aliyepanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa, aliyekimbia mvua ikipiga mabati, aliyetazama watu kwa pembe ya jicho. Alisema maneno ya watu wengine kwa sauti zao. Akiona njaa alisema, "Chakula tayari, Memsahib," kwa sauti nzito ya baba yake, na watoto wote walikimbilia meza. Walielewa kabla yangu.

Ijumaa yake ya kwanza Bwana Jeremia alisimama mlangoni kama kawaida. Watoto walipita. Zamu ya Kezia ilipofika, Mwenyekiti alinyoosha mkono, na Kezia akatazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Jua lilikuwa linameta kwenye gurudumu.

"Hujambo, mtoto?"

Kezia aliinama kuangalia spoku.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wa Barasa, mpishi," nilisema. "Ni mgeni."

"Ni mgeni, si bubu. Mtoto, mkono." Alingoja. Kisha mkono wake ulirudi chini na uso ukabadilika. "Naona. Amekulia kwenye ua wa Wazungu, ameshaiga. Anajifanya Mzungu huyu. Asipewe uji mpaka ajifunze kwamba sisi ni watu."

Nilimtazama Mama Rahel. Alikuwa anakoroga sufuria bila kuinua kichwa. Kezia aliketi na kikombe kitupu huku wenzake wakinywa, akasema mara nyingi kwa ile sauti ya baba yake kwamba chakula ni tayari, Memsahib. Bwana Jeremia alipanda baiskeli. Ilipovuka daraja tu, Mama Rahel alimchotea Kezia upawa wa uji, ukiwa umejaa hadi juu.

"Mama," niliuliza, "kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto hamdharau? Mtu aliyenyimwa mkono miaka yote ataniamini mimi, au atauamini mkono wake?" Alikuwa amekasirika, na kwa sababu kanuni zake zilimhusu na yeye, alisema hivyo. "Nimekasirika, Alfayo. Nisogezee kinu."

Tangu siku ile tulifanya kazi kwa namna mbili. Ijumaa, Kezia alichelewa kufika; nilikaa naye na Barasa kwenye ua wa michongoma hadi baiskeli ipite. Siku nyingine, Mama Rahel alimsalimia kwa njia yake. Hakutoa mkono. Alishusha upawa na kuugusisha kwenye kikombe cha Kezia, mlio mmoja mdogo, akasema, "Kezia amefika." Siku za kwanza Kezia alisikiliza tu mlio ukiisha. Halafu asubuhi moja alikuja mwenyewe moja kwa moja hadi kwenye sufuria, akainua kikombe na kungoja. Barasa aliyeona hayo kutoka mlangoni aligeuka akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mnaotaka kujua ilichukua muda gani, sikuhesabu. Ilichukua mvua ndefu na sehemu ya baridi ya Julai. Mama Rahel alimwambia Kezia hali yake kila ilipotokea, kwa maneno machache yaleyale: Kezia ameogopa, mabati yanapiga kelele. Kezia amefurahi, kuna jua. Hakumtaka arudie. Hakumtaka amtazame. Nilimuuliza faida yake, maana ilikuwa kama kumwagia mwamba maji. "Wewe ulijuaje kwamba njaa inaitwa njaa?" alinijibu. "Kuna mtu alikuambia ukiwa nayo." Jambo moja nililiona kabla ya mvua kwisha: Kezia alianza kwenda chini ya gunia mwenyewe, kabla ya kupiga kelele. Na watoto wengine walimwachia nafasi ile.

Kisha kamati ikaandaa siku ya mgeni, Ijumaa moja. Bibi mmoja wa Kizungu kutoka chama cha misaada, kilichotuletea maziwa ya unga, alitaka kuona watoto. Bwana Jeremia alivaa suti. Watoto walipangwa safu moja mbele ya ukumbi, wameoga, mikono imesuguliwa kwa mawe ya mtoni. Mama Rahel alipendekeza Kezia abaki kwa baba yake siku ile. Mwenyekiti alikataa. Alisema watoto wote watakuwepo, na safari hii yule binti wa mpishi atasalimia kama watu.

Bibi aliteremka kwenye gari akiwa na glavu. Bwana Jeremia alikwenda kumlaki, akanyoosha mkono wake mbele ya watoto wote na wazazi waliopata ruhusa. Yule bibi aliutazama mkono, akauwekea mwavuli wake.

Sidhani alikusudia ubaya. Hilo ndilo jambo la kutisha. Aliona mkono wa Mwafrika umenyooshwa, akafikiri umenyooshwa kubeba kitu.

Alipita kwenye safu. Kila mtoto alitoa mkono kama alivyofundishwa, na yeye akapita akiinamisha kichwa na kusema, "Jambo toto, jambo toto, mzuri sana," na mikono ile ikabaki hewani kama nguo kwenye kamba, ikashuka mmoja baada ya mwingine. Bwana Jeremia alimfuata nyuma na mwavuli. Kezia hakutoa mkono, na yule bibi hakujua tofauti. Akapewa chai na biskuti, akaondoka.

Gari lilipopinda kona tu, Mwenyekiti alirudi kwenye safu, akasimama mbele ya Kezia.

"Wewe. Mkono."

Kezia alikuwa amechoka, jua kali, safu ndefu. Alikuwa ameanza kujiyumbisha.

"Mwenyekiti, mtoto ameogopa," Mama Rahel alisema. "Mwache aende chini ya meza."

"Mkono, nimesema." Akaushika mwenyewe, akaukaza ndani ya wake. Kezia alipiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani, akajitupa chini huku mkono wake ukiwa bado umeshikwa. Barasa aliruka kutoka upande wa wazazi na kumchukua. Mpishi wa watu hasemi neno.

Kamati ilikaa jioni ileile ndani ya ukumbi. Niliitwa kama shahidi. Bwana Jeremia alisema nasari haiwezi kulea kiburi. Mtoto aondolewe, na msaidizi wa mkuu aeleze kwa nini amekuwa akimficha Ijumaa. Kumbe alijua. Nilifungua mdomo, lakini Mama Rahel alitangulia.

"Nilimtuma mimi. Mtoto huyu hana kiburi. Mkono wa mtu unamuumiza, kama kelele inavyomuumiza. Mmemnyima uji kwa jambo asiloweza."

"Kila mtoto anaweza kusalimia," mjumbe mmoja alisema.

"Anasalimia. Anasalimia kwa kikombe."

Walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mama Rahel, mtu anayekataa mkono wangu ananiambia mimi si mtu."

"Nimekuelewa, Mwenyekiti," alisema, na alisema kwa upole. "Lakini leo kuna mtu mzima aliyekataa mikono ya safu nzima, na wa kwako pia. Na hakuna aliyemnyima chai."

Wajumbe walitazama meza. Hakuna uongo hata mmoja katika maneno yale, na ndiyo sababu hayakusameheka. Bwana Jeremia alisema polepole kwamba kamati inamshukuru Mama Rahel kwa utumishi wake na haitamhitaji tena. Kuhusu mtoto, Mwenyekiti mwenyewe atakuja Jumatatu. Mtoto akitoa mkono, atabaki. Asipotoa, baba yake ampeleke nyumbani.

Muelewe maana ya kuachishwa kazi kwa Mkikuyu wakati ule. Pasi yake ilimruhusu kuja upande huu kwa sababu ya kazi. Bila kazi, hata kuvuka kuja kumsalimia mtoto lilikuwa kosa la kufungwa. Nilimsindikiza hadi mwisho wa michongoma. Alifungua leso, akaiangalia pasi, akaifunga tena.

"Usimfundishe mkono siku hizi mbili," alisema. "Utamchanganya tu. Na usimdanganye kwamba niko njiani."

Jumapili Barasa alinijia kanisani, macho mekundu. "Nimemfanyisha mazoezi tangu jana, Mwalimu. Nikinyoosha mkono, ananiwekea kikombe. Nimeweka sukari kiganjani. Amelamba sukari, akaniwekea kikombe." Alijaribu kucheka. "Nimeshaomba ruhusa kwa bwana. Tutapanda treni Jumanne."

"Ngoja Jumatatu ipite."

"Kamba yenyewe bado iko pale kwenye nguzo, Mwalimu. Mama hakuifungua. Alisema itahitajika."

Jumatatu nilipika uji peke yangu. Bwana Jeremia alifika mapema, bila suti, akaegemeza baiskeli na kusimama mlangoni. Watoto walipita wakampa mikono, kimya kuliko kawaida. Barasa alimshusha Kezia kwenye kizingiti na kurudi nyuma.

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Hakufoka safari hii. Nadhani na yeye hakuwa amelala. "Kezia," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Hujambo."

Kezia alimpita kwa macho, akatazama sufuria, akanitazama mimi kwa pembe ya jicho, akatazama sufuria tena. Alienda akachungulia nyuma ya mlango. Alichungulia chini ya meza, akainua gunia. Kisha akarudi hadi mlangoni, akasimama mbele ya ule mkono ulionyooshwa, akauambia mkono, si mtu:

"Kezia amekasirika. Mama Rahel hayupo."

Haikuwa sauti ya baba yake. Haikuwa ya Mama Rahel. Ilikuwa sauti nyembamba iliyokwaruza kidogo, na hata Barasa alikuwa hajaisikia.

"Amesema nini?" Mwenyekiti aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Amesema amekasirika, Mwenyekiti. Na amekuambia sababu." Niliuweka upawa chini. "Mimi pia nimekasirika."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Watoto wote walikuwa wanautazama, na nina hakika kwamba wakati ule alijiona kama tulivyomwona, mtu mzima amesimama anadai kwa mtoto mdogo deni la mtu mwingine. Aliushusha. Aliufuta kwenye suruali kana kwamba ulikuwa na vumbi.

"Mpe uji," alisema.

Nilimpa. Alikunywa wote, amesimama. Alibaki nasari hadi mwisho, na hakurudi kwa kamba. Alikua, akafua na kupiga pasi katika nyumba ile aliyofanya kazi baba yake, na nguo zake zilikunjwa sawasawa kuliko za mtu yeyote Hurlingham.

Mama Rahel hakurudishwa. Niliomba mara tatu, na kila mara kamati ilinijibu kwamba jambo lile lilikwisha. Kanuni ya mkono ilifutwa bila kutajwa, kinu kilibaki, gunia lilibaki, na miaka iliyofuata Bwana Jeremia aliwaonyesha wageni vitu hivyo akisema, "Hapa tunafanya hivi." Mwanamke aliyeleta yote hayo alikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa asubuhi moja, analima viazi kwa sababu alisema ukweli kwa upole mbele ya watu waliokuwa wameumizwa. Nimefanya kazi hii hadi nimestaafu, nimekaa kwenye kamati nyingi, na sijampata hata mtu mmoja aliyeweza kunieleza kosa lake.